Siku Mama Zilpa Alipokuja Malaba

Anyait alianza kupika saa tatu asubuhi ili mikono yake ipate kazi. Japheth alitakiwa kurudi Jumatano. Leo ilikuwa Jumamosi, na mama yake Japheth alikuwa njiani kutoka Funyula, anakuja kula chakula cha mchana katika chumba hiki kimoja alichopanga Anyait nyuma ya maduka ya Malaba, akiamini kwamba atamkuta mwanawe ameketi akimngoja.

Hakukuwa na njia ya kumzuia. Japheth mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua, wiki mbili zilizopita, akaitia kwenye bahasha mbele ya Anyait na kuilamba kwa madaha kama mtoto anayelamba asali. Alisema mama yake ni mkali lakini ana masikio. Akishakaa, akishakula, atasikiliza habari ya ndoa yao. Kisha akamwambia Anyait kwamba apike chochote apendacho, ila malenge yasikose.

"Mpikie mama yale malenge yako," alisema. "Hata kama kila kitu kingine kitaharibika, hayo yawepo."

Anyait aliosha omena kwanza. Alizitoa vichwa na matumbo, moja moja, kama alivyofundishwa, maana zikiachwa hivyo supu huwa chungu. Akazitia kwenye maji baridi, akaziweka juu ya jiko la makaa machache na kuziacha zipate moto polepole. Supu hiyo aliichuja ikawa na rangi ya chai hafifu. Malenge aliyakata pamoja na maganda yake, kisha akachukua kila kipande na kukikwangua kona kwa ncha ya kisu, visije vikagongana na kuvunjika sufuriani. Kisu kilimteleza mara mbili. Mara ya pili kilimchana kidole, akakinyonya huku macho yake yakiwa kwenye dirisha. Lori lilikuwa linapita. Halikuwa la Japheth.

Upishi huu ulimjia kutoka kwa mzee mmoja wa Kijapani, Bwana Nishida, mkubwa wa wahandisi waliopiga kambi karibu na Amukura kupima njia ya barabara. Anyait alikuwa mpishi wao kwa miaka miwili. Bwana Nishida alikuwa na tumbo bovu lisilopokea mafuta, na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache tu. Mawili kati ya hayo, aliyoyatumia jikoni kila siku, yalikuwa "polepole" na "bado". Siku alipoona omena kwenye soko la Busia alicheka peke yake kama aliyekutana na jamaa yake, kwa sababu kwao pia walichemsha samaki wadogo wa namna hiyo wakapata supu ya kupikia mboga. Sosi nyeusi ya soya alitumiwa kutoka kwao. Alipoondoka mwezi wa pili mwaka huu wa sabini na sita, alimwachia Anyait chupa mbili. Moja ilikuwa imekwisha.

Japheth Wandera aliyakuta malenge hayo kambini, siku aliyoleta mabomba ya maji kwa lori. Wenyewe walikuwa wamekwisha kula. Yalibaki yaliyopoa chini ya sufuria, akayala akiwa amesimama, kimya, mpaka kipande cha mwisho, ndipo akainua uso na kuuliza ni nani aliyepika. Anyait alisema ni yeye. Dereva yule akamtazama, si kwa yale macho ya madereva wa mpakani ambayo Anyait aliyazoea na kuyachoka. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipojulikana. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kupitia Amukura kila wiki, hata kama alikuwa amebeba saruji ya kupeleka kwingine kabisa.

Anyait alipanga vipande ganda likiwa chini, vikibanana, kisha akamimina supu ya omena, sukari, tangawizi iliyopondwa, na mwisho ile sosi nyeusi, kidogo kidogo. Alikata jani la mgomba mduara, akalitoboa katikati na kulilaza juu ya malenge yenyewe ndani ya sufuria, ili mvuke uyarudie. Hakuyakoroga. Malenge haya hayakorogwi. Yakishalainika huondolewa motoni na kuachwa yapoe, maana ladha huingia wakati wa kupoa, si wakati wa kuchemka.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, na kungoja ndiko alikokuwa akikuogopa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Jumatatu asubuhi, Japheth alipokuja kumuaga, alimshika kifundo cha mkono, akaunusa mkono wake na kusema anakwenda Jinja akiwa ananuka tangawizi na hataki kuoga. Anyait alitaka kucheka. Badala yake alimwambia kuhusu mama yake. Mama yake, Atyang, aliishi peke yake katika kijiji kimoja ng'ambo ya mpaka, Uganda, mbali kidogo na barabara ya Tororo. Barua zake zilikuwa zimekoma. Waliovuka kutoka huko walisema watu wanachukuliwa majumbani mchana kweupe, na malori yanasimamishwa na watu wenye bunduki ambao hakuna ajuaye wametumwa na nani.

"Ukirudi, mpitie," Anyait alimwomba. "Uone tu kama yuko hai."

"Nitamleta kabisa," Japheth alisema. "Nitamkalisha mbele pamoja nami kama bibi harusi."

Alicheka alipokuwa akipanda lori. Ni yeye, Anyait, aliyemtoa kwenye barabara kubwa.

*

Mama Zilpa alifika saa tano na nusu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, na mwavuli mweusi mkononi ingawa hakukuwa na dalili ya mvua. Hakuinama mlangoni ila kidogo sana. Alitazama kitanda kilichotandikwa shuka la maua, meza yenye kitambaa cha kushona kwa mkono, viti vitatu. Akakihesabu kiti cha tatu kwa macho.

"Wewe ndiye Anyait."

"Ndimi, mama. Karibu. Pole kwa safari."

"Japheth yuko wapi?"

"Bado yuko njiani, mama."

Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini Anyait alipoyasema alihisi uso wake ukiwaka. Mama Zilpa aliketi, akausimamisha mwavuli kati ya magoti yake na kukataa chai. Alisema ni afadhali wazungumze kabla mwanawe hajafika, kisha atarudia maneno yayo hayo mbele yake, asije mtu akasema alisemwa akiwa hayupo.

"Sisi ni watu wa Anglikana," alianza. "Wewe ni Mkatoliki, tena Mteso, si wa kabila letu. Hayo ningeweza kuyanyamazia. Lakini watu wananiambia ulikaa na Mjapani."

"Nilimpikia, mama. Sikukaa naye."

"Watu hawajui tofauti."

"Mimi najua. Na Japheth anajua."

Mama Zilpa alimtazama. Hakuwa na macho ya chuki, na hilo lilimtisha Anyait zaidi. Yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kuamua, anayesikitika kidogo kwa ajili ya yule atakayeumia. Alisema amemlea Japheth peke yake tangu akiwa na miaka tisa. Alisema kuna msichana huko Funyula, binti wa mwalimu, ambaye hakuna aliyewahi kumsema vibaya. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya chini, bila kutukana. Anyait alisimama amekunja mikono akasikiliza mpaka mwisho, huku sikio lake moja likiwa barabarani.

Ilipofika saa saba aliandaa meza, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alileta ugali wa wimbi na muhogo. Alileta kuku mzima aliyechinjwa alfajiri na mume wa jirani yake Nafula, akapikwa kwa nyanya na vitunguu mpaka nyama ikaachia mfupa. Malenge aliyaacha kando, sufuriani, chini ya jani lake.

Mama Zilpa alilitazama bakuli la kuku.

"Mimi sili kuku," alisema. "Wasichana wa kwetu hatukulishwa kuku. Kanisa likasema si dhambi, na wengine wakaanza. Mimi moyo ulikataa. Japheth hakukuambia?"

Anyait alisimama na kijiko mkononi. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini Japheth alisisitiza malenge yasikose. Hakumweleza sababu. Labda alisahau, labda alitaka awe hapo aone mama yake akila na aifurahie siri yake. Anyait aliona waziwazi jinsi ambavyo angemkonyeza juu ya kichwa cha mama yake. Machozi yakamjaa ghafla, akageuka upande wa jiko.

"Kuna malenge, mama," alisema akiwa amempa mgongo.

"Tutamngoja Japheth," alisema Mama Zilpa. "Si vizuri kula kabla yake."

Wakangoja. Kuku akaganda mafuta. Kila lori lililoshuka kutoka upande wa mpaka lilitikisa vikombe mezani, na kila mara Anyait alijikuta amesimama bila kujua, kisha akaketi tena na kuinyoosha sketi yake. Saa nane ilipita. Lori la tano au la sita lilipopita, Mama Zilpa aliuweka mwavuli wake sakafuni.

"Msichana," alisema, "kila lori likipita unasimama. Mtu anayengojewa leo hangojewi hivyo. Niambie."

Anyait angeweza kumwambia nusu. Angeweza kusema Japheth amechelewa, malori huchelewa, foleni ya mpakani ni ndefu. Alimtazama mwanamke huyu aliyekuja kumnyima Japheth, akaona vidole vyake virefu juu ya magoti, vidole vilevile vya Japheth, akashindwa.

Alimwambia yote. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Alimwambia kuhusu mama yake, na njia ya kando, na kwamba wazo la kwenda huko halikuwa la Japheth. "Mimi ndiye nilimtuma, mama," alisema. "Angekuwa ameteremsha mzigo na kurudi. Mimi ndiye nilimwomba aiache barabara."

Mama Zilpa aliisogeza sahani yake pembeni. Aliinama akauokota mwavuli. Akasimama, akalikaza fundo la kitambaa chake kichwani. Anyait alijua anaondoka, na hatarudi tena, na popote mwili wa Japheth utakapopatikana yeye hataruhusiwa kuusogelea. Aliyaona yote hayo kwa mara moja, hata harufu ya udongo.

"Hiyo geti ya mpakani iko wapi?" Mama Zilpa aliuliza. "Nipeleke."

*

Kutoka nyumbani hadi mpakani ni mwendo wa dakika kumi. Hawakuzungumza njiani. Malori yalikuwa yamepanga foleni upande mmoja wa barabara, madereva wamelala chini yake juu ya magunia. Wabadilishaji wa pesa waliwaita wakiwatikisia noti, wanawake wa ndizi wakawaita, na maajenti wa forodha wenye makaratasi kwapani wakawapita mbio. Anyait alipita katikati ya kelele hizo zote akizisikia kwa mbali, kama aliyefunikwa blanketi kichwani.

Karibu na geti alimwona Ekisa. Ekisa alikuwa dereva mwenzake Japheth, mtu mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuwa na kawaida ya kumwita Anyait shemeji tangu mbali. Leo alipowaona alianza kufuta kioo cha lori lake, kioo ambacho kilikuwa safi. Anyait alimsogelea.

"Umetoka ng'ambo leo?" alimuuliza.

"Nimevuka sasa hivi."

"Huyu ni mama yake Japheth."

Ekisa aliacha kufuta. Alimwamkia Mama Zilpa kwa kuinama, akaangalia chini. Ilibidi Anyait amuulize mara ya pili ndipo aseme. Alikuwa ameliona lori la Japheth juzi, Alhamisi, kando ya barabara kabla ya kufika Tororo. Alilijua kwa mlango wake wa kijani. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Nyuma lilikuwa tupu, hata turubai halikuwepo. Kulikuwa na watu wenye bunduki wamekaa kwenye kivuli chake wanakula miwa.

"Na Japheth?" aliuliza Anyait.

"Sikumwona."

Mama Zilpa alisogea hatua moja. "Kulikuwa na damu?"

"Sikuona damu, mama. Nilipita mbio." Ekisa alikunjakunja kile kitambaa mkononi. "Sikusimama. Nina watoto. Nisamehe."

Mama Zilpa alimshika bega, akaliminya kidogo kama anayemfariji yeye, kisha akaenda kuketi juu ya jiwe lililokuwa kando ya geti. Aliufungua mwavuli wake na kuushika juu ya kichwa. Anyait alisimama pembeni, nje ya kivuli cha mwavuli, akingoja laana. Alikuwa amejiandaa nayo. Alikuwa tayari kupiga magoti pale kwenye changarawe mbele ya watu wote.

"Mama yako ana miaka mingapi?" Mama Zilpa aliuliza.

"Sitini hivi, mama."

"Na yuko peke yake."

"Peke yake."

Mama Zilpa aliitazama barabara ile inayopanda kwenda Uganda, tupu, imenyooka, na vumbi jekundu pembeni. "Mama yangu angekuwa huko, mimi pia ningemtuma," alisema. "Ningemtuma bila kulala. Hilo ndilo linaniumiza, sina mtu wa kumkasirikia." Kisha, bila kugeuka, aliusogeza mwavuli kidogo upande wa kulia. "Ingia kivulini. Utaanguka."

Anyait aliingia. Wakakaa hivyo, mabega yakigusana, wakitazama ng'ambo. Lori lilipotokea juu ya mwinuko walivuta pumzi pamoja, na lilipokaribia na mlango wake ukawa mwekundu au mweupe, wakaishusha pamoja. Afisa mmoja wa forodha alikuja kuwaambia kwamba hapo si pa kukaa. Mama Zilpa alimwangalia tu, na afisa akarudi alikotoka.

Anyait aliomba kimoyomoyo, na aliona aibu kwa maombi yake, kwa sababu mara alijikuta akimwombea Japheth na kumsahau mama yake mwenyewe, na mara akimwombea mama yake na kumsahau Japheth, kana kwamba Mungu alikuwa amesema atampa mmoja tu.

Ilikuwa imefika saa kumi na moja kasoro aliposikia jina lake likiitwa. Nafula, yule jirani, alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa maduka, kanga imemteleza begani.

"Kuna watu mlangoni kwako," alisema akihema. "Wamekaa chini. Nimewasalimia hawajibu."

"Watu gani?"

"Sijui. Wamechafuka. Mimi niliogopa kuwakaribia."

Anyait alimtazama Mama Zilpa. Wote wawili walifikiria jambo moja. Habari mbaya haiji na mtu mmoja. Hutumwa watu wawili, nao huketi chini mlangoni bila kusema. Mama Zilpa aliufunga mwavuli, akashindwa kukibana kile kifungo chake, akauacha vivyo hivyo. Aliushika mkono wa Anyait. Mkono wake ulikuwa baridi katika jua lile.

"Tembea polepole," alisema. "Tukifika, tutakuwa tumefika."

*

Walipokata kona nyuma ya duka la mwisho, waliona mwanamume na mwanamke wameegemea ukuta. Mwanamume alikuwa hana viatu. Shati alilovaa halikuwa lake, lilikuwa fupi mikononi, na upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba hata jicho likafumba. Mwanamke mzee alikuwa amelala begani kwake.

Mama Zilpa alisimama. Alisimama hatua ishirini kutoka kwa mwanawe na hakuweza kusogea. Anyait naye alisimama, kwa sababu hakujua akimbilie yupi. Japheth aliinua kichwa. Jicho lake moja lililofunguka lilimtafuta, likampata, likabaki pale. Anyait hakuwahi kutazamwa hivyo maishani. Halikuwa na mahaba wala mzaha. Lilikuwa jicho la mtu anayehakikisha kwamba mahali alikokuwa akielekea bado papo.

"Nimemleta," alisema Japheth kwa sauti iliyokauka.

Ndipo wote wakaenda. Mama Zilpa alipiga magoti mbele ya mwanawe akampapasa masikio, shingo, mabega, vidole kimoja kimoja, bila kulia. Anyait alimkumbatia mama yake aliyeamka na kuanza kumwita kwa jina lake la utotoni. Juu ya vichwa vya mama zao walitazamana tena. Japheth alinyoosha mkono, akaukuta wa Anyait, akaushika kwa nguvu mpaka ukauma, naye Anyait hakuuvuta.

Ndani, baada ya maji na tena maji, Japheth alisimulia kwa maneno machache. Alisimamishwa na watu wenye bunduki Jumatano jioni, Mama Atyang akiwa mbele pamoja naye. Walichukua lori, wakamfungia kwenye nyumba moja isiyo na madirisha. Kila aliyeingia alimpiga na kumuuliza jambo lile lile, amemtorosha nani. Mama Atyang aliambiwa aende zake. Hakwenda.

"Alikaa nje ya mlango siku mbili," Japheth alisema. "Nilimsikia. Alimwambia kila mtu aliyepita, huyo mliyemfungia ni mkwe wangu. Wakamsukuma, akarudi. Wakamtisha, akarudi. Usiku wa pili mlinzi mmoja alikuwa Mteso. Alimuuliza ukoo wake. Alfajiri akatufungulia mlango wa nyuma, akasema tusipite Malaba."

Walitembea siku nzima kwenye vinamasi na mashamba ya mihogo, wakalala kichakani. Asubuhi ya leo walivukia Busia, Mama Atyang amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mtu wa kuvusha watu mpakani, na kutoka huko wakaletwa na gari lililobeba mbuzi. Kwa hiyo wakati Anyait na Mama Zilpa wanaitazama ile barabara ya Tororo, wao walikuwa wanakuja wakitokea nyuma yao.

Mama Zilpa alisikiliza habari hiyo yote akiwa ameketi wima. Hakumtazama Japheth. Alimtazama yule mwanamke mdogo, mkavu, aliyekunja miguu yake yenye malengelenge pembeni mwa kitanda, ambaye alimdai mwanawe mbele ya bunduki kabla hajamwona hata mama mzazi wa mwana huyo.

"Mama Anyait," alisema. "Asante."

Atyang hakujua Kiswahili kingi. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Mtoto yetu."

Mama Zilpa aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye sufuria, akaliondoa lile jani la mgomba. Malenge yalikuwa yamepoa kabisa, yamekuwa na rangi ya ngozi ya tende, na rojo yake nyeusi imeingia mpaka kwenye ganda. Aliweka vipande vinne kwenye sahani na kumpa Atyang kwa mikono miwili. Akajipakulia yeye. Akaketi kando yake, akala kipande cha kwanza taratibu, akakizungusha mdomoni.

"Yana ladha ya samaki," alisema, "na samaki simwoni."

"Ni omena, mama," alisema Anyait. "Nilizichemsha, nikachuja."

"Omena wa kwetu? Wa ziwani?"

"Wa kwenu, mama."

Mama Zilpa alikula kipande cha pili, na cha tatu. Japheth alijaribu kula akashindwa. Mkono wake ulitetemeka mpaka kipande kikarudi sahanini, na Anyait akakichukua, akakigawanya, akamlisha mbele ya mama zao wote wawili bila kuona haya. Hakuna aliyegeuza uso.

Ndipo lori likasimama nje.

Halikupita. Lilisimama, injini ikiendelea kunguruma, vikombe vikitetemeka mezani. Japheth alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya pazia lililotenga kitanda kabla Anyait hajageuka, na pumzi yake ilisikika, fupi fupi, kama ya mnyama. Atyang aliufunika mdomo wake kwa kiganja. Mlango ukagongwa mara tatu. Mama Zilpa ndiye aliyekwenda kuufungua, akauziba kwa urefu wake wote.

Alikuwa Ekisa. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Japheth ameonekana. Alimshukuru Mungu, akafuta jasho, kisha akasema alichotumwa. Mwenye lori alikuwa amepiga simu kwa ajenti. Lori halipotei hivi hivi. Jumatatu Japheth achukue karatasi, avuke, akalidai.

Anyait alijua Japheth angekubali. Alimjua. Hakuwahi kukimbia kazi, na angetoka pale akivuta mguu na kusema ndiyo. Alimtazama Mama Zilpa.

"Mwambie mwenye lori," alisema Mama Zilpa, "Japheth hayupo Malaba. Amekwenda nyumbani kuoa."

Ekisa aliangalia ndani kupitia juu ya bega lake, akaiona miguu mitupu chini ya pazia. Akakubali kwa kichwa. Lori liliondoka likipanda gia moja baada ya nyingine, na hakuna aliyesogea chumbani mpaka sauti yake ikapotea kabisa.

Mama Zilpa aliufunga mlango, akatia komeo. Akaipangusa mikono yake kwenye kanga.

"Basi la kwanza la kwenda Funyula kupitia Busia linatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi, mama."

"Funga nguo zako, mwanangu. Na za mama yako."